Mexico City usiku, kwa asiyekunywa: niende wapi nikasikilize bendi?

Swali: Naenda Mexico City kwa mkutano wa kazi. Nafika Jumamosi, naondoka Alhamisi. Mchana nimebanwa, jioni niko huru na niko peke yangu. Napenda muziki wa bendi, siyo disko. Sinywi pombe, nguruwe sili, na Kihispania changu kinaishia kwenye "gracias". Mwenzangu mmoja kaniambia nisikose uwanja wa Garibaldi, mwingine kaniambia nisithubutu kukanyaga pale. Nimsikilize nani? Na je, mwanamke peke yake anaweza kuingia baa za kule bila kutazamwa vibaya? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Dada yangu, wote wawili wamekwambia kweli, ila kila mmoja anazungumzia saa yake. Garibaldi ya saa mbili usiku siku ya Jumatano utakuta familia na watoto wao, bibi aliyeletwa kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, na vikundi vinne au vitano vya mariachi, wale wapiga magitaa na tarumbeta wa Meksiko, vikipiga nyimbo tofauti kwa mpigo. Garibaldi ya saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi ni ya walevi na ya wanaowavizia walevi. Nenda, lakini usiende usiku wa kwanza, wala usiifanye ndiyo kiini cha safari. Kwa mtu wa bendi kama wewe, mji ule una mahali bora zaidi, na mahali hapo pana siku zake.

Hilo la siku ndilo ningependa ulishike. Wageni huchagua mahali kwanza, halafu huenda siku waliyojisikia, wakakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Muziki wa Mexico City unafuata wiki. Kumbi za dansi zina siku zake, wazee wa danzón, dansi ya zamani yenye asili ya Cuba, wana Jumamosi yao uwanjani, klabu za jazi huchangamka katikati ya wiki kwenda mwisho wake, na Jumatatu sehemu nyingi hulala. Tazama kwanza ni siku gani, ndipo uulize pa kwenda.

Kabla ya hapo, mwili. Mexico City iko nyuma ya Mombasa kwa saa tisa. Saa mbili usiku ya kule ni saa kumi na moja alfajiri kwako, kwa hiyo siku mbili za mwanzo utasinzia mezani hata tarumbeta zikiwa sikioni. Halafu mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mita zaidi ya 400 juu ya Nairobi, na wewe unatoka pwani. Nyimbo mbili za kucheza zitakuishia pumzi. Kunywa maji, usijilazimishe. Bahati yako ni kwamba muziki unaokufaa huanza mapema.

Ningekuwa na jioni moja tu, ningeipeleka Salón Los Ángeles. Ni ukumbi wa dansi uliofunguliwa mwaka 1937 katika mtaa wa Guerrero, kaskazini ya katikati ya mji, na wenyewe wana msemo kwamba asiyeijua Los Ángeles haijui Meksiko. Kwa majigambo ya biashara, hayo yamekaribia ukweli. Mwaka 2020 korona ilikaribia kuufunga kabisa, wenye nao wakaomba msaada hadharani, ukapona. Siku zake ni Jumanne na Jumapili: unafunguliwa jioni mapema na watu hurudi makwao kabla ya saa sita usiku. Hakikisha ratiba ya wiki yako kabla ya kutoka, maana siku nyingine hukodishwa kwa matamasha.

Pale utasikia danzón, na baadaye midundo ya dansi iitwayo mambo na chachachá, kutoka kwa bendi kamili yenye saksafoni, tarumbeta, ngoma za timbales na güiro inayokwaruzwa. Danzón ilizaliwa Cuba, ikavuka bahari mpaka Yucatán na Veracruz mwishoni mwa karne ya 19, na leo naona inachezwa Meksiko kuliko hata kwao. Masikio yako yataitambua mapema. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Kicuba, zile za mfululizo wa GV, zilifika Kongo, na humo rumba ya Kongo ikachota sana, na kutoka huko bendi zetu za dansi za Nairobi na Dar es Salaam. Mexico City ilichota chemchemi hiyohiyo upande wa pili wa bahari.

Angalia jambo moja. Wakati bendi inaendelea kupiga, wachezaji wote watasimama ghafla. Hakuna kilichoharibika. Danzón ina kiitikio kinachorudi kila baada ya sehemu, na kikirudi hakichezwi: watu wanageuka kuitazama bendi, akina mama wanafungua vipepeo vyao na kujipepea, wanaume wanafuta jasho, wengine wanasalimiana na meza ya jirani. Halafu, bila mtu kutoa ishara, ukumbi mzima unashikana tena na kuondoka kwenye pigo moja. Anayeanza mapema au kuchelewa hujulikana hapohapo kuwa ni mgeni, na hakuna anayemchukia. Utawaona pia wanaume waliovalia suti pana za zamani, kofia yenye unyoya mrefu, mnyororo unaoning'inia hadi gotini na viatu vya rangi mbili. Hawajakodiwa kuwapendeza watalii. Ndivyo wanavyovaa wakienda dansi.

Mwanamke peke yake pale ni jambo la kawaida kabisa. Unakata tiketi mlangoni, unakaa pembeni, unaagiza soda. Mzee mmoja atakuja na kukunyooshea mkono. Ukitaka, unainuka, mwambie "estoy aprendiendo", yaani ndiyo kwanza najifunza, naye atapunguza madaha. Hutaki, tabasamu na useme "no, gracias", naye atakwenda meza inayofuata bila kinyongo. Wimbo ukiisha anakurudisha kwenye kiti chako, na hapo deni limekwisha. Mtaa wenyewe nje ya mlango si wa kutembea usiku, kwa hiyo ita gari kwa programu ya simu, likushushe mlangoni na likuchukulie mlangoni.

Kama ndege ya Jumamosi itafika asubuhi na miguu bado inakubali, pitia uwanja wa danzón ulio karibu na soko la La Ciudadela. Ni mchana, ni nje, ni bure, na kuna walimu wanaofundisha hatua za kwanza. Jumapili mchana, kabla ya ukumbini, ningekupeleka Santa María la Ribera, kwenye kibanda cha chuma cha rangi kinachoitwa Kiosco Morisco, kilichotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya New Orleans ya mwaka 1884 na baadaye kurudishwa nyumbani. Watu wazima hukusanyika kucheza pembeni yake, mara nyingi kwa muziki wa sonidero: bwana mwenye maspika makubwa anayepiga cumbia, muziki wa dansi wenye asili ya Kolombia, na kusema juu ya wimbo, akisoma salamu kwa familia fulani ya mtaa fulani na kwa kaka aliyeko New York. Hiyo si bendi, najua. Lakini mwanzoni mwa 2023 wakuu wa wilaya walipojaribu kuwaondoa wachezaji hao, watu walirudi kwa mamia, wakacheza hapohapo kama maandamano. Mji unaopigania kucheza dansi kiasi hicho unastahili saa moja ya Jumapili yako.

Sasa Garibaldi, ambayo ningeiweka Jumatano, usiku wako wa mwisho, ukiwa umeshauzoea mji.

Uwanja ule ni kijiwe cha kazi kwanza, burudani baadaye. Mariachi waliosimama pale na suti zao zenye vifungo vya fedha wanasubiri kukodiwa. Wengine hujipanga kandokando ya barabara kuu ya Eje Central na kuyakimbilia magari yanayopunguza mwendo, maana ndani yake anaweza kuwemo mtu anayetaka kundi la kwenda kumwimbia mchumba dirishani, au mama yake tarehe 10 Mei, Siku ya Mama, ambayo huwa na kazi tele. Ukilijua hilo, hutashangaa kwamba hakuna jukwaa wala saa ya kuanza. Muziki unaanza pale mtu anapoulipia.

Na malipo yana utaratibu wake. Sisi tumezoea kutuza: mwimbaji wa taarab anaimba, wimbo ukikugusa unainuka na noti yako. Garibaldi bei hutangulia wimbo. Uliza "¿cuánto por canción?", yaani wimbo mmoja shilingi ngapi, na uulize ni kwa kundi zima. Kundi la watu 4 na kundi la watu 10 si bei moja. Kubalianeni idadi ya nyimbo pia, maana mkimaliza wa kwanza wataingia wa pili bila kupumua, na mwisho utadaiwa nyimbo tano ulizodhani ni zawadi. Wimbo mmoja unatosha kabisa, na kusikiliza nyimbo zilizolipiwa na meza ya jirani ni bure na si aibu. Kila mtu anafanya hivyo.

Ukisimama karibu, sahau tarumbeta kwa dakika moja, mtazame mwenye gitaa kubwa lenye tumbo lililobenuka, guitarrón. Hapigi waya mmoja mmoja. Mara nyingi anavuta mbili kwa pamoja, noti ileile juu na chini, ili besi isikike uwanjani bila kipaza sauti. Pembeni yake yuko mwenye vihuela, gitaa dogo la nyuzi tano linalokata mdundo. Hao wawili ndio injini. Tarumbeta zenyewe zimekuja baadaye sana, zikazoeleka kadiri redio ilivyoupeleka muziki huu nchi nzima. Mariachi wa kale wa mashambani Jalisco walikuwa wa nyuzi tu. UNESCO iliuingiza mariachi katika orodha yake ya urithi mwaka 2011. Na si mariachi pekee walioko pale: kuna vikundi vya kaskazini vyenye kodiani, watu wa Veracruz wenye kinubi, na watatu-watatu wa magitaa wanaoimba bolero, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2023 kwa niaba ya Cuba na Meksiko. Kwa mtu aliyelelewa na nyimbo za mapenzi za taratibu, hao wa bolero ndio ningewapa pesa yangu.

Ingia ukae Salón Tenampa, baa iliyo upande mmoja wa uwanja. Ipo tangu 1925, ilianzishwa na mtu wa Cocula, Jalisco, aliyewaleta wanamuziki wa kwao, na mariachi wa Garibaldi wameanzia humo. Kuta zimechorwa sura za waimbaji wakubwa wa zamani, na vikundi vinapita kati ya meza. Ndani ni salama kuliko kuzurura uwanjani. Atapita pia bwana mwenye kisanduku kidogo cha mbao chenye vyuma viwili vya mviringo vilivyofungwa kwenye waya, akivigonganisha kling-kling. Anauza mshtuko wa umeme. Watu wa meza moja wanashikana mikono, wa kwanza na wa mwisho wanashika vyuma, naye anazungusha kitufe taratibu hadi mmoja apige yowe na kuachia. Wameksiko wanalipia hilo na kucheka mpaka machozi. Mwenye matatizo ya moyo asijaribu. Mimi nakaa mbali nalo kwa sababu tu sioni raha yake iko wapi.

Aliyekwambia usikanyage anazo sababu. Septemba 2018 watu wenye silaha waliovaa kama mariachi walipiga risasi kwenye eneo la uwanja huo na kuua watu kadhaa. Hilo lilikuwa jambo la magenge na magenge, na uwanja una polisi, lakini jirani zake upande wa kaskazini na mashariki ni Lagunilla na Tepito, na huko hutakiwi kutangatanga usiku. Kituo cha metro kiko karibu, nauli peso 5, na mabehewa ya mbele yametengwa kwa wanawake na watoto. Kwenda jioni mapema unaweza kuitumia. Kurudi, gari la programu, na uliitie ukiwa ndani ya Tenampa. Metro hufungwa saa sita usiku. Teksi za kusimamisha barabarani ziache.

Ulichouliza kuhusu baa kina historia yake. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, cantina, yaani baa za kienyeji za Mexico City, zilikuwa haramu kwa mwanamke kuingia, kwa sheria, na tangazo lilibandikwa mlangoni. Leo hakuna wa kukuzuia. Bado zipo chache za mitaani ambazo ukiingia peke yako usiku vichwa vyote vitageuka, basi usiende usiku. Cantina nzuri ni ya mchana kwenda jioni, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, wafanyakazi wa ofisini wanapokula, na watatu wa magitaa wanapita mezani kuuza nyimbo kwa utaratibu uleule wa bei kwanza. Ya kuanzia kwa mgeni ni La Ópera, mtaa wa 5 de Mayo katikati ya mji: mbao zilizochongwa, viti vya kifahari, na tundu la risasi darini wanalosema ni la Pancho Villa, jenerali wa mapinduzi ya Meksiko. Watakuonyesha hata usipouliza.

Kwako, tahadhari ya cantina iko zaidi kwenye sahani. Katika nyingi, kinywaji huja na kitafunwa cha bure, botana, na mara nyingi ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, chicharrón, au kitu kilichopikwa nayo. Maharage ya kupondwa pia huonekana hayana neno, kumbe mara kwa mara yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Sema "sin cerdo, sin manteca", bila nguruwe, bila mafuta yake, na ukiona mhudumu anasitasita, agiza samaki au parachichi la kupondwa. Kinywaji, omba agua de jamaica, ile rosela nyekundu unayoijua. Kwa wasomaji wengine wanaokunywa: tequila isiyoandikwa "100% agave" imechanganywa na sukari isiyotoka kwenye agave, mmea wa tequila, na pombe ya bei ya kutupa isiyo na lebo iachwe kabisa. Mei 2020 jimboni Puebla makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye sumu.

Ukitaka usiku wa kukaa tu usikilize bila kuulizwa unataka wimbo gani, nenda Zinco, klabu ya jazi katika mtaa wa Motolinía, chini ya ardhi, kwenye iliyokuwa hazina ya benki. Ina kiingilio, unahitaji kuweka nafasi mapema, na watu hunyamaza wakati wa muziki. Zaidi ya hapo ni jazi nzuri kama unavyoweza kuisikia popote.

Mambo madogo ya mezani. Bili haiji mpaka uiitishe: "la cuenta, por favor". Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15, na kisheria ni hiari, hata kama mhudumu amekwisha kuibonyeza kwenye mashine ya kadi. Isome kabla ya kuweka namba ya siri. Mashine iletwe mezani, kadi isiondoke machoni pako, na ukiulizwa ulipe kwa peso au kwa fedha ya nchini kwako, chagua peso. Kwa wanamuziki beba noti ndogo, maana chenji hawana au watasema hawana. Soda ifunguliwe mbele yako, na ukienda kucheza, uliyoiacha mezani usiirudie. Na usiagize kamwe wimbo wa kuwasifu wakubwa wa dawa za kulevya, hata kama umeusikia mtandaoni ukaupenda. Aprili 2025 huko Texcoco, karibu na jiji, mwimbaji alipokataa kuimba nyimbo za aina hiyo, mashabiki walivunja vyombo na jukwaa. Hujui meza ya jirani ni ya nani.

Umeuliza jioni tano tu, lakini kama unaweza kuongeza siku mbili, usizipeleke Cancún, mji wa pwani wa watalii. Kule utanunua bangili ya kunywa bila kikomo usiyoihitaji. Panda basi kutoka kituo cha TAPO uende Veracruz, kama saa tano na nusu au sita. Jioni wazee hucheza danzón uwanjani mbele ya manispaa, bendi ikiwa hapohapo, na chini ya matao ya mikahawa wapiga marimba hupita wakitafuta meza. Marimba hiyo asili yake ni Afrika. Veracruz ilikuwa bandari walikoshushwa Waafrika waliotekwa utumwani, na upande wa bara wa jimbo hilo upo mji wa Yanga, uliopewa jina la kiongozi wa watumwa waliotoroka, wakapigana mpaka Wahispania wakawatambua kuwa huru mwanzoni mwa karne ya 17. Meksiko iliwaingiza raia wake wenye asili ya Afrika kwenye katiba mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha hivyo.

Muziki wa huko ni son jarocho, na pa kuusikia ni kwenye fandango, ngoma ya mtaani isiyo na tiketi. Katikati huwekwa jukwaa la mbao, tarima. Wanamuziki wanalizunguka na magitaa yao madogo, jarana, na wachezaji wanapanda kulipiga kwa visigino; miguu yao ndiyo ngoma. Baadhi ya vikundi vina marimbol, sanduku lenye vijiti bapa vya chuma ambalo mpigaji hulikalia na kulitekenya kwa vidole kutoa besi. Ukiiona utajua imetoka wapi. Usipande tarima kabla ya kuona utaratibu: nyimbo nyingi ni za wanawake wawili wawili, unamgusa begani aliyechoka, anashuka, unashika nafasi yake. Na mwimbaji akianza ubeti, punguza kishindo cha miguu ili maneno yasikike.

Kama tiketi ya Alhamisi haibadiliki, basi Veracruz iwe safari nyingine, na uipange iangukie tarehe 2 Februari, siku ya Candelaria, katika mji wa Tlacotalpan kando ya mto, ambako fandango huenda usiku kucha kwa siku kadhaa. Chumba kitafute miezi kabla. Mji ni mdogo, na kila mwenye jarana nchini anauwania.